Chikungunya si jina la Kichina, na si ugonjwa wa kuku

Jamani hili neno tulisafishe, maana hapa Lamu kila mtu akishikwa na homa na viungo vyauma, barazani utaskia yaleyale, mara chikungunya jina la Kichina, mara wengine watamka "chiken gunya" wakidhani ni homa ya kuku watu waacha hadi kula kitoweo. Kuku hahusiki kabisa, huu ni ugonjwa uletwao na mbu.

Neno ni la Kimakonde. Mwaka 1952 ugonjwa ulizuka upande wa Newala, nyanda za Wamakonde kusini mwa Tanganyika, na ndo madaktari wakachukua jina walilolikuta kwa wenyeji, wakina Robinson na Lumsden wakaliandika kwenye ripoti zao za 1955. Maana yake ni kupindika, kujikunja, kwa vile mgonjwa viungo vyamuuma hata hawezi kusimama wima. Kuna wanaosema basi ni Kiswahili kwa sababu twaskia kama "kunja" mle ndani, lakini Wamakonde wana lugha yao, tusiwapokonye neno lao.

Ingine: eti ukiugua wabaki kibiongo. La, mgongo hauharibiki, ni maumivu ya viungo tu yanayomkunja mtu, wengi hupona ingawa viungo vyaweza kuuma wiki kadhaa au hata miezi. Mamangu mdogo 2004 alikua akitoka chumbani hadi dakani ameshika ukuta, na leo atembea vizuri alhamdulillahi.

Mwaka huo wa 2004 ugonjwa ulipozuka hapa Lamu, wengi tulidhani ni malaria kali, dawa za malaria watu wakameza na wapi. Watafiti walikuja kupima damu wakakadiria robo tatu ya watu wa mji waliambukizwa, kama 13,500 hivi! Baadae ugonjwa ukafika Komoro, Réunion, mpaka India.

Na si lazima mvua, ule wa 2004 ulikuja wakati wa ukame. Maji yakiwa ya shida watu huyaweka kwenye mitungi na madebe siku nyingi, na mbu wa chikungunya apenda kutaga hapohapo majumbani, tena huuma mchana, kwa hivo neti ya usiku peke yake haitoshi. Mamangu mdogo mitungi yake sasa aifunika na kitambaa akakifunga kamba shingoni, na kila wiki aimwaga akaisugua ndani.