Kunakili mafaili si kunakili diski

Wengi wanaopeleka laptopu kwa mafundi mjini Kisumu huamini hivi: ukinunua SSD mpya, yaani diski ya kisasa ya kuhifadhia data, unanakili kila kitu kilicho kwenye diski C, unabandika, na kompyuta itawaka kama kawaida. Imani hii ina msingi wake, maana picha na barua huhama hivyo bila shida.

Windows haihami hivyo. Kompyuta nyingi za sasa zikiwaka hutafuta kwanza kipande kidogo cha diski kiitwacho EFI, mara nyingi cha megabaiti 100 hivi, chenye maelekezo ya kuwasha mfumo. Kipande hicho hakionekani pale unapofungulia mafaili yako, kwa hivyo huachwa nyuma. Jionee mwenyewe: bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika diskmgmt.msc, kisha uhesabu vipande vya diski yako.

Programu ya kunakili diski huhamisha vipande vyote, hata vilivyofichika, na si lazima uilipie. Clonezilla ni ya bure na huwashwa kutoka kwa flashi, ingawa skrini yake ya maandishi matupu huwatisha wageni. Kwa kawaida hutaka diski mpya isiwe ndogo kuliko ya zamani, basi linganisha ukubwa kabla ya kulipa dukani.

Na tafadhali, soma jina la kila diski mara mbili kabla ya kuthibitisha. Ukizigeuza, diski tupu itanakiliwa juu ya picha zako za miaka yote. Ya zamani usiifute mpaka mpya iwashe kompyuta peke yake, ile nyingine ikiwa imechomolewa.