Ngazi Zile Hazikuwekwa na Wahenga

Wiki iliyopita nimeambiwa tena: "Haya ni magofu. Mwenye kiti cha magurudumu ajue hapa hapamfai. Ukiweka rampu, ile njia ya mteremko ya kupitishia kiti, umeua historia." Nimeyasikia kwa wahifadhi, kwa waongoza wageni, hata kwa wahandisi ninaowaheshimu. Safari hii naandika.

Kazi yangu ni kupanga njia za wageni kwenye maeneo ya kihistoria yaliyo wazi. Siku ya kwanza ya ukaguzi huwa nawaomba wenyeji wangu tutembee kutoka maegesho hadi kwenye magofu, na kila kizuizi tukiulize umri wake. Ngazi tatu za kibanda cha tiketi: saruji, za juzi. Kokoto za njiani: zimeletwa na lori. Geti la kuzunguka lisilopitisha kiti: chuma kipya. Vyoo vimenyanyuliwa juu ya msingi bila sababu ninayoiona. Mara nyingi mgeni anakwama kabla hajalifikia jiwe la kwanza la kale. Vizuizi tumejenga wenyewe, halafu tunawasingizia wahenga.

Zipo ngazi za kale kweli, na hizo sizigusi. Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, unaohusu uhifadhi wa majengo ya kale, unataka kilichoongezwa kitofautike na cha asili, na mimi naongeza sharti langu: kiweze kuondolewa bila kuacha kovu. Njia ya mbao iliyosimama juu ya miguu, bila kuchimba msingi, inatimiza yote mawili. Kule Akropoli, kilima cha mahekalu ya kale mjini Athens, Ugiriki, mwaka 2020 waliweka lifti mpya na njia za zege juu ya mwamba, na wanaakiolojia wengi wakalalamikia zege. Lifti naitetea bila kusita. Zege lile bado linanigawa moyo: linampitisha mtu aliyekuwa akibaki chini, lakini pia linafunika mwamba wenyewe, ambao ni sehemu ya habari anayoijia.

Sasa rampu, maana hapa ndipo uvumilivu unaponiishia. Watu huniambia kwa fahari, "Tumeshaweka." Nakwenda, nakuta ubao wa mita moja na nusu umelazwa juu ya ngazi tatu. Tupige hesabu. Ngazi tatu za sentimita 15 ni kimo cha sentimita 45. Kwa uwiano wa 1:12, yaani kimo cha sentimita moja kwa kila sentimita 12 za urefu, ambao viwango vya Marekani vinauchukua kuwa mwisho wa ukali, rampu hiyo inahitaji mita 5.4. Huo ubao wenu ni zaidi ya mara tatu ya ukali huo. Anayejisukuma atarudi nyuma, na anayesukumwa atamvunja mgongo msaidizi wake. Hata 1:12 yenyewe inachosha ikiwa ndefu, kwa hiyo kabla kimo hakijazidi sentimita 76 lazima pawe na jukwaa tambarare la kupumzikia. Tazameni na mwinamo wa ubavuni. Njia iliyoinamia upande mmoja inakivuta kiti ukingoni muda wote, na mkono mmoja unafanya kazi ya mikono miwili. Sijawahi kukutana na mkaguzi aliyeupima bila kukumbushwa.

Mabenchi yenye egemeo, kivuli, maandishi makubwa, vielelezo vya kupapasa kwa wasioona: haya tunayajua, tuyafanye.

Usalama nao mnautenga na ufikikaji, kosa lilelile. Kwenye ukingo wa genge kila mtu anajihadhari. Watu huanguka pale penye kizingiti kimoja kifupi ambacho jicho halikukiona, au kwenye jiwe lililosuguliwa na nyayo hadi likawa laini kama sabuni mvua ikinyesha. Panapomkwamisha mwenye kiti ndipo panapomwangusha mwenye miguu.

Vitabu vinasema kingo za ngazi zitiwe rangi inayoonekana. Vizuri, lakini jiwe la chokaa lina vinyweleo, na rangi ikishazama haitoki. Nimejaribu utepe wa kubandika, ukabanduka msimu wa kwanza wa mvua na kuwa tanzi la miguu. Jibu ninaloliamini sijalipata. Kwa sasa naweka taa ya chini pembeni na mtu wa kuonya.

Mwaka fulani mgeni alipiga simu kwenye eneo nililokuwa nikilifanyia kazi, akauliza kizingiti cha mwisho kina kimo gani. Alijibiwa, "Panafikika, karibu tu." Akauliza tena. Hakuna ofisini aliyewahi kupima. Nikatoka na futi: sentimita 11. Akashukuru, akaja na kibao chake mwenyewe, akaingia. Andikeni vipimo hivyo kwenye tovuti zenu: ukali wa mteremko, upana wa mahali pembamba kuliko pote, aina ya sakafu, na kimo cha kila kizingiti kilichobaki.