Je, wajua kwa nini "go" ikiingia wakati uliopita huwa "went"?

Anayeanza kujifunza Kiingereza hufundishwa kuongeza "-ed" mwishoni mwa kitenzi: "walk" ikawa "walked". Akifika kwenye "go" anaambiwa ni "went", akariri, yaishe. Akiuliza sababu, hujibiwa kuwa ndivyo lugha ilivyo. Jibu la uvivu hilo, maana sababu ipo.

"Went" haikuzaliwa na "go"; ni mtoto wa kulea. Mama yake mzazi ni kitenzi "wend", ambacho katika Kiingereza cha kale kilikuwa "wendan", yaani kugeuza au kugeuka. Wajerumani mpaka leo wana "wenden" kwa maana hiyohiyo. Anayegeukia upande fulani aghalabu anaelekea huko, hivyo maana ikahama taratibu kutoka kugeuka hadi kushika njia. Mwishoni mwa karne ya 14, mshairi Chaucer akisimulia mahujaji wanaokwenda Canterbury, anatumia "wende". Na wakati uliopita wa kitenzi hicho ni "went", kama "send" inavyotoa "sent" na "bend" inavyotoa "bent".

Kabla ya hapo "go" ilitumia "eode", ambayo nayo, cha kuchekesha, ilitoka kwenye mzizi mwingine kabisa. Baadaye ikatamkwa "yede" au "yode", na kufikia karne ya 15 "went" ilikuwa imeshaipiku kusini mwa Uingereza. Huko Scotland watu walijiundia "gaed" kutokana na "go" yenyewe. "Wend" iliyopokonywa mwanawe ikapewa "wended", na leo huisikii sana nje ya msemo "wend one's way".

Mbona basi hakuna "goed"? Watoto wa Kiingereza huisema sana, lakini kitenzi hiki kinasikika mara nyingi mno kila siku hata "went" huwakaa kichwani mapema. Nasi hatuna haki ya kuwacheka: ukimwita mtu kwa kitenzi "kuja" husemi "ja", unasema "njoo", na wakiwa wengi "njooni".

Usidhani tu kwamba "wend" na "kwenda" ni ndugu kwa kuwa zinafanana masikioni. Hiyo ni sadfa. "Enda" yetu ni ya Kibantu, nduguye ni "kugenda" ya Waganda na Wanyarwanda.