Kuhesabu miche si kuhesabu kaboni

Ukisikia "tumepanda miche 10,000 ya mikoko", usidhani hewa ya ukaa imeshapungua kwa kiasi hicho. Mikoko mingi iliyopandwa hufa, na sababu kubwa ni mahali ilipopandwa.

Chukua ufuo wa ghuba ya Chake Chake, Pemba. Mikoko ina aina kadhaa: mlilana hukaa mbele baharini, aina iitwayo mkoko wenyewe nyuma yake, mkandaa juu zaidi. Watu hubeba mbegu ndefu za mkoko kwa sababu ni rahisi kuokota, wakazichomeka theluthi moja kwenye tope tupu lililo chini mno. Pale maji hukaa muda mrefu, mche hukosa pumzi, viumbe vidogo vya bahari vyenye magamba vikaganda shinani ukaanguka. Mbaya zaidi ukipanda juu ya majani ya bahari, yaani nyasi ziotazo chini ya maji, ambayo nayo yanahifadhi kaboni!

Kwanza linganisha kimo cha tope na cha mikoko iliyosimama jirani, kisha fungua mkondo wa maji uliozibwa. Mara nyingi mbegu hujiotea zenyewe.

Mtafiti asiye na maslahi katika mradi hurudi baada ya miaka, akahesabu iliyo hai na kuchimba tope hadi mita 1, maana kaboni nyingi imo humo, si kwenye majani ya miti. Takwimu hizo ndizo za kuingia kwenye sera.