Hiyo pakiti tupu ina mwenyewe: tunayodanganyana Mwaloni kuhusu sheria za taka za vifungashio

Mimi nafungasha dagaa pale soko la Mwaloni, Kirumba, Mwanza, na tangu wenzangu waanze kuulizia soko la Ulaya nasikia maneno mengi kuhusu zile sheria zinazomtaka anayeingiza kifungashio sokoni awajibike kikishakuwa taka, maneno ambayo tukiyaacha yatakuja kutuumiza, kwaiyo ngoja niyaandike.

"Hizo sheria ni za wenye viwanda vya plastiki." Hapana jamani. Angalieni Uingereza, kwenye kanuni zao za 2007 wajibu wa kurejeleza hizo taka waliugawa kwa mnyororo mzima, anayetengeneza malighafi asilimia 6, anayeigeuza kuwa kifungashio 9, anayejaza bidhaa 37, na anayemuuzia mlaji 48. Yani duka ndo lilibeba kubwa kuliko kiwanda. Kanuni mpya zilizoanza Januari 2025 zimeacha huo mgawanyo, sasa hivi kila kifungashio wanamtafutia mtu mmoja wa kumbana, mara nyingi mwenye nembo, na kama bidhaa imetoka nje ya nchi basi aliyeiingiza. Ndo maana mnunuzi wa kule anakuuliza pakiti tupu ina gramu ngapi, boksi gramu ngapi. Haibi siri yako, ni ripoti yake anaijaza. Na siyo plastiki peke yake, karatasi, kioo, bati, aluminiamu, hadi mbao za paleti zinahesabiwa.

"Kwaiyo tuzunguke kuokota pakiti zetu?" Hili nimeulizwa na dada mmoja kwa uchungu kabisa. Hapana dada, kule kampuni haiokoti. Kiwanda cha kurejeleza kilichoidhinishwa kikishachakata tani moja ya taka za vifungashio kinatoa cheti, kampuni inakinunua kuonyesha kwamba imetimiza sehemu yake. Na juu ya hapo, kwenye kanuni mpya, kampuni kubwa zinalipia gharama za halmashauri kuzoa taka za majumbani, kwa mwaka wa kwanza pauni 423 kila tani ya plastiki na 196 ya karatasi na maboksi. Mimi hapa ndo moyo unaponiuma, maana kwetu kijana anaeokota chupa anategemea bei ya kilo tu, chupa ikiwa na mnunuzi anaifuata hata mtaroni, ile nailoni laini ya kufungia vitu nani atainama kuiokota? Inabaki, mvua ikipiga Mto Mirongo unaibeba mpaka ziwani, ziwa hilo hilo tunalotoa dagaa. Ingekuwepo hela ya aliyefungasha, hata nailoni ingepata mtu wa kuifuata.

"Ukipeleka tani 25 za dagaa tu umeshaingia kwenye sheria." Hapa watu wanachanganya. Tani 25 ni uzito wa vifungashio vitupu kwa mwaka, siyo dagaa, na hiyo kampuni ya kule Uingereza lazima pia iwe na mauzo ya zaidi ya pauni milioni 1, vyote viwili kwa pamoja. Piga hesabu, pakiti ya gramu 10 mpaka zifike tani 25 ni pakiti milioni mbili na nusu. Na ikivuka hapo kidogo inajisajili na kutoa taarifa tu, kununua vyeti na kulipia uzoaji wa taka ni mpaka izidi tani 50 na mauzo yavuke pauni milioni 2.

Ila usiende na hesabu hiyo Ujerumani! Kule hakuna kiwango cha chini, tangu 2019 anayeingiza bidhaa za kwenda kwa mlaji anatakiwa awe amejisajili kabla ya pakiti ya kwanza kuuzwa.

"Sisi Tanzania tulishamaliza, plastiki imepigwa marufuku." Kilichopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 ni mifuko ya kubebea, ile rambo, na ukikutwa nayo faini inaanzia elfu 30. Vifungashio vya vyakula vilivyosindikwa na mazao ya kilimo viliachwa, pakiti yangu ya dagaa ni halali kabisa. Kuruhusiwa kutumia na kuwajibika ikishatupwa ni vitu viwili tofauti, na jirani zetu Kenya hicho cha pili wameshakiingiza kwenye sheria yao ya taka ya 2022, kwaiyo mwenye wateja Kisumu aanze kuulizia mapema.

Mimi nimeshanunua kamzani kadogo ka gramu, napima pakiti tupu, stika, boksi na selotepu yake, naandika kwenye daftari kila mzigo unapotoka.