Nipeleke nini kazini?

Kila inapokaribia ile siku ya watu wa ofisi kula pamoja, kila mmoja akija na chakula chake, simu yangu haitulii. Ujumbe ni uleule: "Wewe ni mpishi, hebu nitajie kitu rahisi ambacho watu watakipenda." Nikimuuliza mtu mwenyewe alikuwa anafikiria nini, karibu kila mara hunitajia kile kinachomtoka vizuri nyumbani. Shida inaanzia hapo. Chakula cha nyumbani kinatoka jikoni kinaingia mezani, hatua kumi tu. Cha kazini kinafunikwa, kinapakiwa garini, kinalala kwenye friji ya ofisi kimebanwa na maziwa ya watu, kinasubiri kikao ambacho kiliambiwa ni cha nusu saa, halafu kinaliwa na mtu aliyesimama, sahani mkono mmoja, simu mkono wa pili. Ndiyo maana mimi nachagua kwa swali moja: kitakuwa na hali gani masaa matatu baada ya kutoka motoni?

Swali hilo nililipata kwa aibu. Kabla sijaanza kupikia shughuli, nilikuwa mfanyakazi wa ofisini kama wengine, na mara yangu ya kwanza nilipeleka makaroni ya sosi ya krimu na jibini. Nilipoyapakua nyumbani yalikuwa yanateleza. Nilipofungua mfuniko saa saba mchana nikachomeka kijiko, kijiko kilisimama wima. Nikakivuta, kikaja na bonge zima lenye umbo la bakuli. Mwenzangu mmoja akaniuliza, kwa upole kabisa, kama hiyo ni keki.

Kumbe makaroni yaliyoiva hayaachi kunywa majimaji kwa sababu tu umezima jiko. Wanga wake nao hukaza kadiri yanavyopoa, na jibini iliyoyeyuka inarudi kuganda. Leo nikiyapeleka, nayapeleka ya baridi. Nayachanganya na nusu ya sosi ya mafuta na siki yangali ya moto, nusu ya pili naitia kwenye chupa na kuimwagia dakika chache kabla ya watu kupakua. Hiyo nusu ya pili ndiyo inayoyafufua.

Vyakula vya kukaanga navyo viache nyumbani. Ukifunika kuku wa kukaanga akiwa wa moto, mvuke unakosa pa kwenda, unageuka matone chini ya mfuniko na kurudi kudondokea lile gamba ulilolihangaikia. Ukimwacha wazi, anapoa. Sijaona njia ya tatu, na nimeitafuta. Kama ni lazima kuku, chukua mapaja yasiyo na mfupa, yachome kwenye oveni, uyakate vipande vya kutosha kinywa kimoja. Paja lina mafuta yake, linavumilia kupashwa moto. Kidari ukikipasha mara ya pili kinakuwa kama kitambaa.

Vitu vinavyopenda kusubiri ni vile vigumu: kabichi, karoti, maharage, viazi. Saladi ya majani laini ikishakutana na siki inaanza kunyauka hapohapo, lakini kabichi iliyokatwa nyembamba na kutiwa chumvi na siki asubuhi huwa tamu zaidi mchana, kwa sababu chumvi imevuta maji yake na siki imepata pa kuingia. Yamwage hayo maji kabla ya kutia mafuta, la sivyo bakuli litakuwa na kidimbwi chini.

Ila ukiniambia nichague kimoja tu, nachagua saladi ya maharage. Nakata kitunguu chekundu nyembamba kadiri ninavyoweza, nakitia chumvi na maji ya limau, nakiacha robo saa. Kinalegea, ule ukali unaoshika pua unapungua, na maji yake yanageuka ya waridi. Hayo ndiyo mwanzo wa sosi, usiyamwage. Juu yake yanaingia maharage yaliyochemshwa na kuchujwa vizuri, mahindi matamu, pilipili hoho mbichi ya rangi mbili, mafuta, pilipili manga. Geuza kwa mkono mwepesi, weka kwenye friji usiku kucha. Asubuhi onja tena, na hapa usiwe bahili wa chumvi, maana chakula cha baridi kinaficha ladha: kilichokolea jana kikiwa vuguvugu, leo kitaonekana kimepooza. Onja kikiwa baridi vilevile kitakavyoliwa.

Uzuri wa saladi hiyo hauko kwenye ladha peke yake. Haina nyama, maziwa, mayai, ngano wala karanga. Ofisini hujui nani hali nini, na wengine hawapendi kutangaza. Anayefunga maziwa, asiyekula nyama, anayeogopa ngano, wote wanapakua bakuli moja bila kuuliza mtu.

Tahadhari moja tu kuhusu maharage mekundu: yakiwa hayajaiva sawasawa yana sumu ya asili inayotapisha watu vibaya, na joto la wastani haliimalizi. Yaloweke, mwaga maji hayo, kisha yachemke kwa nguvu katika maji mapya mpaka yaive kabisa. Sufuria ya umeme ya kupika polepole haifai kwa kuyaivisha kutoka mabichi. Ya kopo yameshapikwa, suuza tu.

Sasa tufike kwenye jambo ambalo watu hulikimbia kwa kuwa linaharibu raha. Bakteria wanaowasumbua watu tumboni wanastawi kati ya nyuzijoto 5 na 60 za Selsiasi, yaani katika lile vuguvugu ambalo meza ya ofisi inalo tangu saa nne mpaka saa tisa. Kanuni tunayoishi nayo wapishi ni masaa mawili nje ya friji au nje ya moto, na kama chumba kina joto la zaidi ya nyuzi 32, saa moja. Hesabu hiyo inajumlisha na muda wa njiani.

Watu wanaogopa mayonezi, nami siku zote huitetea. Mayonezi ya kiwandani ina siki ya kutosha kuwanyima bakteria raha. Kwenye saladi ya viazi, mshukiwa ni viazi vyenyewe, mayai ya kuchemsha na mikono iliyovikata. Mikono hasa. Kuna bakteria wa ngozini anayeacha sumu ambayo hata ukipasha chakula mpaka kitokote haiondoki, kwa hiyo ule msemo wa "nitakipasha tu" haukuokoi kila mara. (Viazi vyako, kwa njia, vinyunyizie siki vikiwa vya moto, vinaifyonza. Mayonezi isubiri vipoe, vinginevyo inakatika na kubaki mafuta.)

Wali nao unaonekana mpole lakini una siri. Mchele una vijidudu vyenye ganda gumu linalostahimili kuchemshwa. Wali ukiachwa jikoni usiku kucha, vinaamka, vinazaana, vinaacha sumu. Mchuzi mzito wa nyama kwenye sufuria kubwa una hatari ya namna hiyo: katikati unabaki vuguvugu kwa masaa mengi hata ukiisukuma sufuria yote kwenye friji. Ugawe kwenye vyombo vifupi, kina kisizidi sentimita 5 hivi, upoe haraka. Kesho yake upashe mpaka ufike nyuzi 74 katikati, si pembeni. Ile sufuria ya umeme itautunza ukiwa moto tayari, lakini usiitegemee kuupasha kutoka baridi, itachukua nusu siku ikiupitisha polepole katika joto lilelile tunalolikimbia.

Halafu kuna foleni ya maikrowevu. Vyakula kumi na viwili, mashine moja, dakika tano kila kimoja: saa nzima imeisha, na cha kwanza kimesharudi kuwa baridi. Kwa hiyo ama peleka kinacholiwa baridi, ama peleka cha moto kwenye hotipoti uliyoimwagia kwanza maji yanayochemka na kuyaacha humo dakika kumi kabla ya kuyamwaga. Chombo baridi kinakula joto la chakula kabla hujafika mlangoni.

Kuhusu kiasi, karibu kila mtu anapika kupita kiasi. Chukua watu 20 na vyakula 10. Mtu akishiba sana amekula kama nusu kilo. Akionja kila kitu, ni gramu 50 za kila chakula, yaani kilo 1 ya chako inawatosha watu wote. Kizuri kinarudiwa, sawa, fanya kilo 1 na nusu, au 2 kama unajiamini. Wanaopika kilo 5 ndio wanaorudi nyumbani jioni na bakuli lililojaa na moyo mzito, wakidhani hawakupendwa.

Andika kikaratasi. Jina la chakula na vitu vyenye utata: maziwa, mayai, ngano, soya, samaki, kamba, karanga, korosho na jamaa zake, ufuta. Ufuta watu wengi huusahau. Marekani uliingizwa rasmi kwenye orodha ya vitu vinavyolazimika kutajwa kwenye pakiti mwaka 2023 tu, ukawa wa tisa, ilhali Umoja wa Ulaya una orodha ya vitu 14 na ufuta umo. Kuna na vilivyojificha: mboga iliyopikwa kwa supu ya kuku si ya mtu asiyekula nyama, jeli nyingi zinatengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, na vanila ya majimaji mara nyingi ina pombe. Karanga za kunyunyizia juu ziweke kwenye kibakuli chake. Anayezitaka atajinyunyizia.

Kitindamlo nitakipita haraka. Keki ya trei, isiyo na krimu, iliyokatwa miraba nyumbani. Usipeleke keki nzima na kisu, kwa sababu hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kuikata, itakaa inatazamwa mpaka saa kumi. Kwa kweli chochote kinachohitaji kisu kikate kabla hujatoka. Na beba mwiko au koleo lako, maana ofisi zina vijiko vya chai na uma zilizopinda, basi.

Hujui kupika kabisa? Leta matunda yaliyokatwa, yakiwa baridi, au barafu, sahani na maji ya kunywa. Nimeona vyakula vizuri mno vikisimama mezani watu wakizunguka wanatafuta pa kuvitia, na aliyeingia wakati huo na furushi la sahani alishangiliwa kuliko mpishi yeyote.

Mwisho ni utepe wa karatasi na kalamu. Jina lako chini ya bakuli, na juu ya mfuniko pia, kwa sababu baada ya kuoshwa vinatengana. Mifuniko yangu mitatu iko kwenye kabati la ofisi moja mpaka leo, naijua ilipo, na bado sijapata namna ya kuiomba.