Kwanini ukipiga 115 anaweza kuja dereva wa mtaani na sio ambulensi?

Ukisikia namba ya dharura unawaza king'ora na taa nyekundu. Sasa chukulia huko kijijini Tanzania mama kajifungua, damu haikatiki, ndugu wanapiga 115 (bure hiyo, hata salio huna), wanaambiwa gari linakuja, kutokeza ni jamaa wa mtaa wa pili na gari yake ya kubebea abiria. Watu hudhani wametapeliwa, kumbe ndo mfumo wenyewe.

Unaitwa m-mama, ulianza kwa majaribio kule Sengerema na Shinyanga ndo ukasambaa mikoani. Hesabu yake ni rahisi tu, ambulensi ni chache na ile ya wilaya inaweza kuwa imepeleka mgonjwa mwingine mbali huko, na damu ya uzazi haisubiri mtu, inaweza kuondoka na mama ndani ya masaa mawili. Kwahiyo wakasajiliwa wanaoitwa madereva ngazi ya jamii, ambulensi ikikosekana anapigiwa wa karibu, akishafikisha mgonjwa analipwa kwenye simu. Familia haitoi nauli, yani ile ya kuamshana saa nane usiku kuchangishana hela ya gari haipo.

Ila mi naona gari sio ishu kubwa, ishu ni linaelekea wapi. Kawaida rufaa inapanda ngazi, zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, ya mkoa, kanda, mpaka Muhimbili, na mama anayevuja damu akipandishwa ngazi moja moja atafia njiani. Zahanati haipasui mtu, vituo vya afya vingine vina theta (chumba cha upasuaji) vingine havina, na vyenye theta navyo vinaweza kuwa havina damu ya kuongezea siku hiyo. Ndo maana anayepokea simu anauliza maswali ya dalili kwanza, halafu anaamua mama apelekwe wapi, na kule anakopelekwa wanapigiwa mapema waandae kitanda na daktari awe macho, maana kufika ukakuta mlango umefungwa ni sawa na hujafika.

Sasa hii ni ya wajawazito, waliotoka kujifungua na vichanga tu. Aliyepata ajali ya bodaboda hahusiki, huyo mara nyingi anafika emejensi kapakatwa kwenye bajaji na wasamaria, na hospitali inajua kuna mgonjwa pale anaposhushwa getini.